Yai la Jumapili ni la Nani?



Safari hii tuongee juu ya saa nne ya Jumapili asubuhi. Kila nyumba yaijua saa hiyo. Misa ya kwanza imekwisha, watu wamerudi kwa miguu au kwa baiskeli, watoto wamevua nguo za kanisani na sasa wanazunguka mlango wa jiko kama vifaranga. Uji wa alfajiri ulikuwa kikombe kimoja tu, tena wa haraka. Ugali wa mchana bado uko mbali, maana mboga haijachumwa na samaki hajaparwa magamba. Mama afanye nini? Mara nyingi hutoa kiporo cha jana na chai ya rangi, halafu watoto husinzia mpaka saa nane.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba zamani njaa ya saa hiyo ilikuwa kali zaidi. Mwenye kutaka kukomunika alifunga tangu saa sita ya usiku. Mwaka 1957 Papa Pio XII alipunguza mfungo ule kuwa wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja. Tena misioni zilikuwa chache. Mtu wa vijiji vya mbali aliyetaka Misa ya Nyegina, mahali alipobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943, alitembea na kurudi na tumbo tupu. Leo mambo ni mepesi. Jimbo la Musoma liko tangu mwaka 1957, Jimbo la Bunda tangu mwaka 2010, na parokia zimeongezeka. Hata hivyo saa nne ni saa nne, na mtoto mwenye njaa hajui historia.

Basi nataka kuwafundisha chakula kimoja rahisi cha saa hiyo. Ni mayai ya kuoka pamoja na viazi vitamu na mboga, katika sufuria moja. Hakina kazi kubwa, hakihitaji tanuri la mjini, na hushibisha nyumba nzima. Lakini kabla ya kuwasha moto, lazima tuulizane swali lililo gumu kuliko mapishi yenyewe.

MAYAI YETU YANAKWENDA WAPI?

Tembea katika vijiji vyetu vya Butiama, Bunda, au kando ya ziwa huko Musoma. Kuku wapo karibu kila ua. Je, mayai yapo mezani? Ni haba. Yai huchukuliwa asubuhi kutoka kiotani, huwekwa katika kibuyu au bakuli lenye pumba, na siku ya gulio huenda kwa mchuuzi. Siwalaumu. Fedha ya mayai mara nyingi ni fedha pekee ambayo mama anaishika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa fedha hiyo hununua chumvi, sabuni, na daftari la mtoto. Fedha hiyo ina heshima yake.

Lakini tazama jambo moja. Mara nyingine mama huuza mayai, na katika njia ya kurudi humnunulia mtoto soda na biskuti. Ameuza nyama na damu, amenunua maji yenye sukari. Biashara ya namna hiyo haina faida, hata kama chenji imebaki.

Tena iko habari ya mwiko. Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki wanawake na watoto walikatazwa mayai. Mama mja mzito aliambiwa kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Mtoto mdogo aliambiwa kwamba akizoea mayai atakuwa mwizi. Tusiwacheke wazee. Yai lililoliwa leo ni kuku asiyeanguliwa kesho, na pengine mwiko ule ulilinda vifaranga wa nyumba. Ila tujiulize: mwiko huu ulimlinda kuku, je, nani alimlinda mtoto? Tena mbona baba na mgeni walikula yai lile lile, wala hawakuota upara wala kuiba?

Ukweli ni huu. Yai moja la kuku wa kienyeji lina protini kama gramu 5 au 6, nayo ndiyo inayojenga mwili. Lina pia mafuta, vitamini, na kitu kiitwacho kolini kinachosaidia ubongo wa mtoto kukua, hata akiwa bado tumboni. Kwa hiyo wale waliokatazwa mayai, yaani mama mja mzito, mama anayenyonyesha, na mtoto mdogo, ndio hasa wanaoyahitaji kuliko wote.

Jambo hili si la mchezo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao. Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni alama ya mwili uliokosa chakula bora au uliosumbuliwa na magonjwa ya mara kwa mara. Mtoto wa namna hiyo hata shuleni huchelewa kushika mafunzo.

Wataalamu wamelijaribu jambo hili la mayai. Katika nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa muda wa miezi sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: waliokula mayai walidumaa wachache zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Halafu jaribio kama hilo likafanywa Malawi, karibu na ziwa lao, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Huko mayai hayakuongeza urefu kama Ecuador. Kwa nini? Sababu moja waliyoitaja wataalamu ni kwamba watoto wa huko walikuwa wamekwisha kuzoea kula samaki.

Tushike fundisho hilo, sisi wa Mara, maana nasi tuna ziwa. Yai si dawa ya uganga. Mtoto anayepata dagaa na samaki siku kwa siku ana akiba yake tayari. Lakini yule wa kijiji cha mbali na ziwa, anayekula ugali wa muhogo na majani matupu wiki nzima, kwake yai lina kazi kubwa sana. Na ukiweza kuviunganisha vyote viwili, yai na dagaa, umefanya vema zaidi.

MAFUNGU MATATU

Mtauliza: tufanyeje basi, tusiuze? Hapana, uzeni. Ila mgawe mafungu. Tuseme mtetea wako ametaga mayai 12. Fanya mafungu matatu ya mayai manne manne: fungu la kuatamia, fungu la kuuza, na fungu la kula. Ukiwa na mitetea wawili wanaotaga wakati mmoja, mpe mmoja wao mayai 8 aatamie, na baada ya siku 21 utapata vifaranga. Yule mwingine, kwa kuwa hana ya kuatamia, atarudi kutaga mapema zaidi. Nawe utabaki na mayai 8 ya kula, ndiyo hasa yanayotosha chakula chetu cha leo.

Andika kwa kalamu ya risasi tarehe juu ya kila yai. Usilioshe kabla ya kuliweka, maana ganda lina utando wake unaolilinda. Lipanguse tu, ulioshe siku ya kulipika. Na kuku wako uwachanje dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ni tone moja katika jicho, kila baada ya miezi mitatu. Ulizeni kwa afisa mifugo wa kata. Ugonjwa huu ukiingia waweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hapo hakuna la kuatamia, la kuuza, wala la kula.

MAYAI YA KUOKA KWA VIAZI

Chakula hiki ni ndugu wa vyakula vingi duniani. Wahispania hupika mayai na viazi mviringo. Waitalia hutia mboga yo yote iliyobaki jana. Waajemi wana cha kwao chenye majani mabichi tele, nao hukiita “kuku”, ingawa ndani hamna kuku hata kidogo! Na ndugu zetu wa pwani huoka mkate wa mayai kwa makaa juu na makaa chini. Ufundi huo wa pwani ndio tutakaoutumia.

Hata saa yake ina historia. Mwaka 1895 Mwingereza mmoja, Guy Beringer, aliandika katika gazeti akitetea chakula cha Jumapili kiliwacho katikati ya asubuhi na mchana. Yeye aliwafikiria waliochelewa kulala Jumamosi usiku. Sisi twawafikiria waliodamka mapema Jumapili!

Vitu vinavyohitajiwa kwa watu wanane:
Mayai 8.
Viazi vitamu nusu kilo. Vile vya rangi ya machungwa, viitwavyo viazi lishe, ni bora zaidi, maana vina vitamini A.
Maziwa kikombe kimoja cha chai, yaliyochemshwa na kupoa.
Kitunguu kimoja kikubwa na nyanya mbili.
Mchicha, matembele, au majani ya kunde, konzi mbili.
Samli au mafuta vijiko viwili vya chakula.
Chumvi nusu kijiko cha chai.
Ukiwa na dagaa wakavu, kikombe kimoja.

Vyombo: sufuria kubwa, sufuria ndogo inayoingia ndani yake bila kubana, sinia kuukuu la bati la kufunikia, na koleo la makaa. Mfuniko wenye kishikio cha plastiki usitumike.

Kazi ya Jumamosi jioni. Chemsha viazi na maganda yake mpaka viive, lakini visipondeke. Chagua dagaa, kata vichwa, na uwaoshe katika maji mara tatu au nne, maana wale waliokaushwa juu ya mchanga huja na mchanga wao. Waanike tena wakauke, au wakaange kidogo, kisha uwahifadhi penye hewa. Chemsha maziwa. Chagua mboga lakini usiikate bado.

Kujaribu mayai. Tia maji katika bakuli na uweke yai ndani. Likilala chini kwa ubavu, ni jipya. Likisimama kwa ncha, limekaa siku nyingi, lipikwe upesi. Likielea, litupe. Halafu kila yai ulipasue kwanza katika kikombe peke yake, ndipo ulimimine pamoja na mengine. Yai moja bovu laweza kuharibu saba mazuri, na hasara hiyo haina mfariji.

Kazi ya Jumapili, mkirudi kanisani.

Kwanza, moto. Tandaza mchanga mkavu, safi, unene wa vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa. Funika kwa sinia na uiteleke juu ya makaa muda wa dakika kumi ipate joto. Wenye mafiga na kuni wangoje kuni ziwe makaa. Ndimi za moto zitaunguza chini na kuacha juu kubichi.

Pili, mboga. Kata kitunguu, kikaange kwa kijiko kimoja cha samli mpaka kilainike. Tia nyanya, ukaange mpaka maji yake yakauke. Tia majani yaliyokatwakatwa, geuza mara chache, epua. Kama yana maji, yakamue. Hapa ndipo wengi hukosea: mboga yenye maji hufanya mayai yatoe majimaji, na chakula hakishikamani.

Tatu, kupanga. Paka samli sufuria ndogo, chini na pembeni. Menya viazi, uvikate vipande vya unene wa kidole, uvipange chini kama vigae. Juu yake tandaza mboga, kisha dagaa.

Nne, mayai. Yapige kwa uma pamoja na chumvi mpaka kiini na ute vichanganyike. Mimina maziwa polepole huku ukikoroga. Maziwa lazima yawe yamepoa, ama sivyo mayai yataiva bakulini. Mimina yote juu ya viazi na utikise sufuria kidogo ili yapenye chini.

Tano, kuoka. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga wenye joto, funika kubwa kwa sinia, na uweke makaa juu ya sinia. Kumbuka kipimo: fungu moja chini, mafungu mawili juu. Joto hupanda lenyewe, kwa hiyo chini pahitaji kidogo. Usifunue kabla ya dakika 25. Ukifunua, inua sinia sawasawa kwa koleo, majivu yasianguke ndani. Chomeka kisu katikati. Kikitoka na urojorojo, rudisha dakika kumi. Kikitoka kikavu, na katikati hapatikisiki, epua. Kwa kawaida ni dakika 30 hadi 40, kadiri ya makaa yako.

Sita, subiri dakika kumi kabla ya kukata. Chakula kitajishika na kukatika vizuri kama keki.

Neno la hadhari. Usioke kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, nayo huua watu wakiwa wamelala. Okeni nje, au jikoni penye mlango na madirisha wazi, na watoto wakae mbali na sinia. Na mayai ya mtoto na ya mama mja mzito yaive kabisa, yasiwe na ute mbichi.

KILA MTU NA KWAO

Chakula hiki hakina amri moja. Wa Musoma na vijiji vya ziwani watie dagaa, au samaki wa jana aliyechambuliwa miiba kwa uangalifu. Mwenye ng'ombe huko Butiama aongeze samli na maziwa, apunguze mafuta ya dukani. Wa Bunda mjini, ambako mkate hupatikana, wakiwa na mkate uliolala waukate vipande, waupange mahali pa viazi, na waungoje unywe maziwa na mayai kwa robo saa kabla ya kuoka. Mwenye mayai manne tu afanye nusu ya kila kitu, aongeze viazi, na aoke kwa muda mfupi zaidi. Chakula kidogo cha wote ni bora kuliko kikubwa cha mmoja.

NANI AKATE, NANI APEWE

Sasa turudi kwenye swali letu. Sufuria iko mezani, imegeuka rangi ya dhahabu, harufu imefika kwa jirani. Vipande ni vinane. Nani apewe kwanza?

Desturi yasema baba na mgeni. Sisemi mumnyime baba. Naye ametoka Misa na njaa yake. Lakini nasema na ninyi akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha, maana najua mpo! Heshima ya baba haipungui akisema, “Mpeni mama yenu kwanza, ana mtoto tumboni.” Wala haipungui kipande kikubwa kikienda kwa mdogo aliyeachishwa ziwa juzi. Neno hilo likitoka kinywani mwa baba mwenyewe, mwiko huisha siku hiyo hiyo bila ugomvi. Likitoka kwa mama peke yake, bibi wa nyumba na mawifi watanong'ona mwezi mzima.

Na bibi wa nyumba asidharauliwe. Msimwambie, “Bibi, ya zamani ni ujinga.” Mwambieni, “Bibi, kuku wamechanjwa, fungu la kuatamia liko salama, vifaranga vitakuwapo. Hili ni fungu la kula, karibu ukate.” Ukimpa kisu mkononi, atakata vizuri kuliko wewe, na kipande cha mjukuu hakitakuwa kidogo.

Mtoto aliyetimiza miezi sita aweza kuonja, kilichopondwa laini, huku akiendelea kunyonya. Siku ya kwanza mpe kidogo tu na umwangalie. Akitoka vipele au akivimba midomo, usimpe tena, mpeleke zahanati mara moja.

Nchi yetu iliwahi kuongea habari hizi kwa sauti kubwa. Mwaka 1973, Mwalimu akiwa Rais, watu walikusanyika vijijini kusikiliza redio katika masomo ya “Mtu ni Afya”, na mwaka 1975 yakafuata masomo ya “Chakula ni Uhai”. Majina hayo mawili yangali kweli, ingawa redio zile zimekwisha kunyamaza. Serikali yaweza kufundisha, padre aweza kuhubiri, na mganga wa zahanati aweza kupima urefu wa mtoto. Lakini kisu cha kukatia kipande kimo katika nyumba yako.

Jumamosi hii, basi, hesabu mayai kiotani, ugawe mafungu yako matatu, na uchemshe viazi jioni. Jumapili saa nne mtoto asizunguke mlango wa jiko bure. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kuhifadhi dagaa wasiingie wadudu wakati wa mvua. Kaeni salama.